Taa zinawaka, kengele inakufa: kisa cha simu ya intaneti katika nyumba moja ya Bel-Air, Lubumbashi

Mama Mwalimu aliniita kwa shida moja. Nilipofika nikakuta mbili, nikazitengeneza kila moja peke yake, na hapo ndipo nilipokosea. Mlio wa simu na umeme wa akiba niliviona kama kazi mbili za siku mbili tofauti, kumbe kimoja kinakula kwenye sahani ya mwenzake. Naeleza kisa chote, pamoja na makosa yangu, maana nyumba za namna hii ziko nyingi Lubumbashi: mzee mmoja ndani, watoto ng'ambo, na laini moja ya simu inayowaunganisha.

Nyumba iko Bel-Air, komuni ya Kampemba. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, miaka 78, akili kali, magoti mabovu. Anaishi na binti yake mkubwa, ambaye amegeuza chumba cha mbele kuwa duka la dawa. Wengine wametawanyika: wawili Brussels, mmoja Liège, na kitinda mimba yuko Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa.

Juu ya paa kuna antena ya redio inayotazama mnara wa mtoa huduma wa intaneti. Waya wake unashuka hadi kwenye ruta chumbani kwa binti. Kutoka hapo waya mwingine unaingia sebuleni kwenye adapta, kile kisanduku kidogo kinachokata sauti vipande vipande, kikavituma kwa intaneti, na kuvirudisha kuwa sauti. Simu yenyewe imechomekwa kwenye adapta. Akaunti moja, namba mbili: moja ya Ubelgiji inayoanza na +32, ili watoto wa kule wapige kwa bei ya kumpigia jirani, na moja ya hapa, +243, kwa wateja wa duka. Kasi ya intaneti haikuwa tatizo. Mazungumzo ya simu kwa kodeki ya G.711, moja ya kanuni za kugeuza sauti kuwa data, yanachukua kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, na pale kulikuwa na megabiti za kutosha.

Nilikaribishwa kiti, nikapewa maji, na kabla sijauliza kitu mama akaanza.

"Mwanangu, hii simu inaniita kama mtu anayegonga mlango bila kusema jina. Nikiinuka, ni mtu anatafuta dawa ya minyoo. Nikikaa, kumbe ni mtoto wangu."

Binti akadakia kutoka dukani: "Na umeme ukienda, Papa, yote inakufa ile dakika."

Mama alikuwa na swali la pili, nalo lilikuwa la haki kabisa. Zamani, katika nyumba ya kazi ya marehemu mume wake, umeme ulikuwa unakatika na simu inalia gizani bila wasiwasi. Kwa nini ya zamani iliweza na hii ya kisasa haiwezi? Nilimweleza kwamba simu ile haikula umeme wa nyumba. Ilikuwa inalishwa na waya wenyewe, volti 48 kutoka kwenye betri kubwa za kituo cha simu, na kengele ilipigwa na umeme mwingine wa karibu volti 90 uliotumwa kwenye waya uleule. Kituo kilikuwa na betri, nyuma ya betri kulikuwa na jenereta, na yote hayo mteja hakuyaona. Simu ya intaneti imehamisha mzigo huo kutoka kituoni na kuuleta sebuleni kwako. Kituo cha kuzalisha mlio wa kengele sasa ni kile kisanduku kidogo, na betri ya kukilisha ni juu yako.

Mlio: jaribio la kwanza

Nilianza na mlio, kwa sababu ulionekana kazi ya dakika kumi. Adapta nyingi zina ukurasa wa kuweka mlio tofauti kulingana na namba inayopiga. Hii ilikubali namba tatu. Watoto wa ng'ambo ni wanne, na mmoja wao ana simu mbili. Tayari hesabu ilikuwa imegoma, lakini nikajikaza, nikaandika namba za wale wa Brussels na ya Liège, nikaondoka.

Baada ya siku tatu napigiwa: wa Brussels mmoja analia kwa mlio wake, mwingine kwa mlio wa duka. Nikafungua kumbukumbu za adapta, nikakuta namba ileile inaingia kwa sura mbili tofauti: mara na alama ya kujumlisha, +32 na kuendelea, mara na sifuri mbili mbele, 0032. Adapta haina akili ya kujua kwamba huyo ni mtu mmoja aliyebadilisha kofia. Inalinganisha herufi kwa herufi, basi.

Hilo lingeweza kurekebishwa. Lililonishinda ni la Kitwe. Kitinda mimba anapiga kwa namba ya +243, kwa kuwa kwake ni rahisi kuliko ya Ubelgiji. Simu za kutoka nje, hasa zinazopita kwenye njia za bei poa, mara nyingi huingizwa nchini na watu wenye masanduku yaliyosheheni kadi za SIM. Simu inaondoka Zambia kama simu ya kimataifa, inafika kwenye sanduku kupitia intaneti, kisha sanduku linaipiga upya kwa kadi ya hapa ili kukwepa ada ya kupokea simu za nje. Kwa hiyo kijana anapiga kwa +260 yake, na kwa mama inaonekana namba ya mkononi ya Kongo isiyojulikana. Kesho inaonekana nyingine.

Alipiga jioni moja kusema mke wake amejifungua. Mlio ukawa wa duka. Mama, ambaye sasa alikuwa ameambiwa na fundi kwamba mlio huu si wa familia, hakuinuka. Kijana alipiga mara tatu. Habari ya mjukuu ilifika asubuhi kupitia binti.

Hapo nilijisikia vibaya, nakiri. Kabla sijagusa chochote, mama alikuwa anainuka kwa kila simu, anachoka, lakini hakosi kitu. Mimi nilimpa alama, akaiamini, na alama ikamdanganya. Kwa mtu mwenye magoti yale, mlio unaosema kweli mara tisa kati ya kumi ni mbaya kuliko mlio usiosema kitu.

Mlio: mlango badala ya sura

Huduma ya milio tofauti ilipoanza kuuzwa na kampuni za simu za Amerika Kaskazini, haikuhusu nani anapiga. Ilihusu namba gani imepigwa. Familia ilinunua namba ya pili juu ya waya uleule, namba ya pili ikalia kwa mdundo wake, na kila mtu nyumbani akajua simu hii ni ya baba au ni ya watoto. Nilikuwa nimelisoma hilo miaka iliyopita na sikuliwazia tena.

Namba ya anayepiga hubadilishwa njiani na mikono usiyoijua. Namba iliyopigwa haiwezi kubadilika, la sivyo simu isingefika. Kwa hiyo tuliomba namba ya tatu, nyingine ya +243, tukaifanya mlango wa familia pamoja na ile ya Ubelgiji. Kitwe akapewa hiyo, na nesi wa kituo cha afya, na shangazi wa Kenya (komuni yetu ya hapa mjini, si nchi). Ya duka ikabaki ya duka. Nikamwomba mtoa huduma wa simu aweke alama kwenye kila simu kulingana na mlango ilioingilia.

Alama hiyo ipo kwenye kanuni za SIP, lugha ambayo simu hizi hutumia kuitana, tangu toleo la mwaka 2002. Inaitwa Alert-Info: mstari mmoja ndani ya ujumbe wa wito unaoiambia adapta itumie mlio wa aina gani. Adapta nyingi zinaelewa majina kama Bellcore-dr1, Bellcore-dr2 na kuendelea, urithi kutoka kwa maabara ya kampuni za simu za Marekani zilizopanga midundo hiyo enzi za waya. Mdundo wenyewe, sekunde ngapi kulia na ngapi kunyamaza, unauandika mwenyewe ndani ya adapta. Mtoa huduma aliweka alama baada ya siku mbili na barua pepe nne.

Kisha simu ikakataa. Ilikuwa simu isiyo na waya, zawadi kutoka Brussels, nzuri, ina kioo. Milango yote ikalia kwa kawimbo kamoja. Nilipoteza karibu saa nzima nikitafuta kosa kwenye adapta kabla sijaelewa kwamba simu za aina hii nyingi hazipigi mdundo wa waya. Kitako chake kikishahisi umeme wa mlio tu, kinaamuru kipokezi kicheze kawimbo kalichohifadhiwa ndani. Mdundo uliotumwa unatupwa. Tena kitako kinahitaji umeme wake wa peke yake ukutani, tatizo jingine.

Mama akatuma mjukuu kabatini. Akarudi na simu nyeusi ya diski, nzito kama pasi ya mkaa, kengele mbili za chuma ndani. Nikaichomeka bila matumaini makubwa. Ililia. Ililia hasa, hadi mteja dukani akashtuka. Kengele ya chuma haina kumbukumbu wala kawimbo. Nyundo yake inapigwa na umeme wa waya moja kwa moja, kwa hiyo mdundo wowote utakaoutuma ndio utakaousikia. Kwa sikio la miaka 78 ni bora zaidi, maana wazee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, ambazo ndizo simu za kielektroniki hupenda, na chuma kina sauti ya chini na ya juu pamoja.

Ilihitaji marekebisho mawili. Adapta ilitoka kiwandani ikiwa na mlio wa hezi 20 (mitikisiko 20 kwa sekunde), wa Kimarekani, na kengele hii ya Ulaya ilikuwa inakohoa. Nikapandisha hadi 25, ikatakasika. Pili, midundo iliyoandikwa kiwandani ina mapengo mafupi sana, sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye simu ya kielektroniki pengo hilo linasikika. Kwenye chuma linamezwa na mwangwi wa kengele, yote inakuwa mlio mmoja mrefu. Nikaongeza mapengo hadi sehemu nne za kumi.

Kuhusu mdundo gani utumike, sikuamua mimi. Mama alinipigia makofi yale aliyokuwa akiyatumia kunyamazisha darasa la watoto hamsini: mbili fupi, moja ndefu. Nikayaandika: 0.4 kulia, 0.4 kimya, 0.4 kulia, 0.4 kimya, 1.2 kulia, kisha sekunde tatu na nusu za kimya. Duka likapewa mlio mmoja wa sekunde moja na kimya cha nne. Diski haikuweza kupiga simu, kwa kuwa adapta hii haisomi mipigo ya diski, ila mama hupokea tu. Akitaka kupiga, iko ile ya vibonye. Tulipiga simu za majaribio milango yote, kila moja ikasema jina lake. Nikalipwa, nikaondoka nimevimba kichwa.

Umeme

Wiki iliyofuata nikarudi kwa ajili ya umeme. Kwa msomaji wa mbali: Lubumbashi imezungukwa na migodi inayokula umeme kama moto wa kiangazi, na sehemu ya umeme huo inasafiri kutoka mabwawa ya Inga, mwisho mwingine wa nchi, kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,700 iliyoanza kazi mwaka 1982. Mtaani tunaishi kwa delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu. Bel-Air ina siku za kukosa umeme saa nne na siku za saa kumi, na mara chache giza hupita siku nzima.

Kijana wa Brussels alikuwa ameshatuma pesa ya UPS, sanduku la betri la umeme wa akiba, ile ya mezani ya ukubwa wa VA 650. Ilidumu kama nusu saa ikipiga kelele, halafu kimya. Hata katika nusu saa hiyo simu haikufanya kazi, jambo lililowachanganya wote, kwani taa za adapta na za ruta zilikuwa zinawaka. Nilifuata waya kutoka paani kwa kidole. Kipachiko kinacholisha antena kilikuwa kimechomekwa kwenye soketi ya korido, juu ya mlango, nyuma ya kalenda ya parokia. UPS ilikuwa inalisha ruta na adapta. Antena ilikuwa inakufa na nyumba. Ni kama kuwasha taa barabarani wakati daraja limeondoka.

Kuhusu nusu saa yenyewe, hesabu iko hivi. Nilipima: antena wati 6, ruta 5, adapta 2 ikiwa imetulia. Jumla 13. Ndani ya UPS ya ukubwa ule kuna betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 ikiwa mpya. Lakini UPS inachukua volti 12 za betri, inazipandisha hadi 220, kisha chaja za vifaa vyako zinazishusha tena hadi 12, hadi 24, hadi 5. Kazi hiyo ya kupanda mlima na kushuka ilikula yenyewe wati 15 hivi, zaidi ya vifaa vyote kwa pamoja. Betri nayo ilikuwa ya miaka miwili. Betri ya risasi haipendi kukaushwa kila siku, na ikiachwa nusu inaota ugumu ndani hadi haipokei tena chaji.

Marekani, mwaka 2015, tume yao ya mawasiliano iliagiza kampuni zinazotoa simu za majumbani zisizo na umeme wa waya zimpe mteja nafasi ya kununua akiba ya saa 8, na baadaye, kuanzia 2019, saa 24. Uingereza mwongozo ni angalau saa moja kwa simu za dharura. Hapa kwetu saa moja ndiyo muda wa kuulizana "kwako pia umeenda?"

Nikaacha UPS, nikaenda kwa umeme wa moja kwa moja. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8, ampea-saa 20: wati-saa 256. Chaja yake ya volti 14.4 iko ukutani, na umeme ukirudi usiku kwa saa tano betri inajaa. Ruta inapata volti 12 kupitia kifaa cha kusawazisha, maana betri hupanda na kushuka na si kila ruta inavumilia 14. Antena inahitaji 24, kwa hiyo kipandishi kidogo, na umeme unapita kwenye waya uleule wa mtandao: nyaya za 4 na 5 chanya, 7 na 8 hasi. (Geuza hizo ukaunguze antena, nimewahi, si hapa.) Adapta inakula volti 5, na kwa hiyo nikatumia kitu kilichokuwa mfukoni mwangu, chaja ya USB ya gari, ile ya soketi ya kiberiti. Ukitoa hasara, mzigo wote ni kama wati 15. Ukitumia asilimia 85 ya betri, unapata saa 14 na ushee.

Binti alitaka paneli ya jua ya wati 50 mara moja. Nilimwambia msimu wa mvua itampa labda theluthi ya mahitaji ya siku, na pesa hiyo kwanza inunue betri ya pili. Bado tunabishana.

Gizani

Jumamosi tukashusha swichi kuu. Nyumba ikawa giza, friji ikanyamaza, na pale kwenye rafu taa zote za kijani: antena, ruta, adapta, na usajili wake kwa mtoa huduma wa simu uko. Mama akasema asante. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya bisibisi.

Binti, kwa kutania tu, akapiga namba ya familia kwa simu yake ya mkononi.

Kengele ikasema "tri", ikakatika. Taa za adapta zikazima, kisha zikaanza kuwaka moja moja kama kifaa kilichozaliwa upya. Akapiga tena baada ya dakika mbili. "Tri." Kimya.

Laini ilikuwa hai mpaka ilipoitwa.

Nikaweka mita kwenye mdomo wa adapta. Ikiwa imetulia, volti 5.0. Kengele inapoanza, 4.2, na kwa 4.2 adapta inazirai. Kumbuka maelezo niliyompa mama siku ya kwanza, ambayo nilikuwa nimeyasahau mwenyewe: kituo cha kuzalisha mlio sasa ni kisanduku hiki. Kutoka kwenye volti 5 kinapaswa kutengeneza makumi ya volti za kutikisa nyundo ya chuma. Simu ya kielektroniki ya vibonye inakula kidogo tu. Kengele ya zamani inakula mara kadhaa zaidi, na niliziacha zote mbili kwenye laini moja. Chaja ya kiwandani ya ukutani ilikuwa inavumilia mzigo huo, ndiyo maana wiki iliyopita kila kitu kililia vizuri. Chaja yangu ya gari, yenye maandishi ya ampea 2.1 ambayo hakuna aliyeyahakikisha, na waya wake wa mita mbili mwembamba kama uzi wa kiatu, haukuvumilia.

Kwa hiyo nilikuwa nimejaribu mlio kwenye umeme wa ukutani, na nikajaribu betri bila mlio. Kila nusu ilifaulu mtihani wake. Na kama binti asingetania, ningeondoka na pesa yangu, wangekaa na taa za kijani nzuri, na simu ya kwanza ya usiku wa giza ingeua laini mbele ya mtoto aliyekuwa anapiga.

Dawa ilikuwa ndogo: kishushi cha volti 5 chenye uwezo wa ampea 3 kweli, waya mnene wa sentimita 30, na simu ya vibonye kutolewa kwenye laini; inachomekwa mama anapotaka kupiga. Volti sasa haishuki chini ya 4.9 kengele ikilia. Tukapiga mara kumi gizani, mdundo wa familia na wa duka, tukaacha hata ilie dakika nzima.

Mambo ya baadaye

Saa ya tatu ya jaribio hilo laini ikaanguka tena. Kwetu kila kitu kilikuwa sawa. Mnara wa mtoa huduma, nao uko kwenye eneo lenye delestaji, ulikuwa umemaliza betri zake. Hapo huna la kufanya na bisibisi. Tuliweka kwenye akaunti kwamba laini isipopatikana, simu za familia zihamie kwenye simu ya mkononi ya binti. Lakini adapta hujiandikisha kwa seva, kompyuta ya mtoa huduma wa simu, na kuambiwa "umeandikwa kwa dakika 60", na ikifa dakika ya tano, seva inaendelea kuituma simu kwenye kaburi. Anayepiga anasubiri kimya cha sekunde 32, muda ambao SIP inasubiri jibu kabla ya kukata tamaa, na wengi hukata kabla. Nimepunguza muda wa kujiandikisha hadi dakika mbili.

Novemba nikaitwa: nesi amepiga duka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuulizia dawa ya haraka, akapata ujumbe wa kwamba duka limefungwa. Tulikuwa tumeweka simu za duka zinyamaze kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na tangu Aprili ilikuwa sahihi. Akaunti, kwa kuwa ilifunguliwa Ubelgiji, ilikuwa na saa ya Brussels. Majira ya joto Brussels na Lubumbashi zina saa ileile. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Wabelgiji wanarudisha mshale nyuma, sisi hatugusi. Wakati wa kurekebisha, orodha ya seva ilinipa Kinshasa na Lubumbashi kama chaguo mbili, kama inavyopaswa, maana nchi hii ina saa mbili. Nikachagua yetu.

Jambo jingine tulilizungumza mezani na kuliandika kwenye karatasi juu ya simu: 112 kwenye laini yenye namba ya Ubelgiji, hata ikijibiwa, atakayejibu hayuko Lubumbashi. Chini yake kuna namba za jirani mwenye gari, za nesi, na za binti, kwa maandishi makubwa ya mwalimu.

Betri inafanya kazi, kengele inasema kweli, na nimeweka tarehe kwenye kalenda ileile ya parokia: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi swichi kuu inashushwa na mtu anapiga. Kitu kimoja nimeshindwa kumbadilisha mama. Nilifunga waya wa ardhi kwenye mlingoti wa antena na kinga ya radi kwenye waya wake, lakini mvua inapoanza kunguruma upande wa Kasapa anainuka mwenyewe, magoti yale yale, anachomoa waya wa antena na kuuweka sakafuni. Dakika mbili baadaye seva inagundua, na simu ya Kitwe inalia dukani, mkononi mwa binti, ambaye anapaza sauti kuelekea sebuleni: "Mama, ni mtoto wako!"